Barua ya wazi kwa kampuni inayonidai: nishitakini mahakamani, acheni kunikamata kwa meseji

Morogoro,
11 Agosti 2025.

Kwa Mkurugenzi Mtendaji na Wajumbe wa Bodi,
Kampuni ya mikopo ya simu inayonidai (jina nimelihifadhi, mnajijua).

Waheshimiwa,

YAH: VITISHO VYA KUNIKAMATA KWA MKOPO WA MWAKA 2018

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi majokofu. Nimewaandikia mara tatu bila kumshirikisha mtu. Mwezi Machi na Aprili nilituma barua pepe mbili kwa huduma kwa wateja. Mwezi Mei nikapanda basi hadi ofisi yenu ya Dar es Salaam na barua ya karatasi mkononi, dada wa mapokezi akaigonga muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ninayo. Barua pepe zilijibiwa na mashine: "Ndugu mteja, maoni yako ni muhimu kwetu." Ile yenye muhuri ilijibiwa siku ya nne, kwa simu, na mtu aliyejiita Afande, ambaye alitaka kujua kama siku hizi nimekuwa mwanasheria. Basi leo naandika mbele za watu.

Nianze na tusilobishania. Nilikopa. Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba 2018, mama mmoja muuza samaki ameniachia friza lake, kompresa imekufa, na hela ya kununua nyingine ya mtumba sina. Niliomba 80,000 kwenye aplikesheni. Zikaingia 72,000, elfu nane zikiwa zimeshakatwa kabla sijazigusa, na ndani ya siku thelathini nilitakiwa kurejesha 96,000. Nilirejesha 30,000 mwisho wa mwezi, na tarehe 9 Novemba nikaongeza 20,000. Wiki iliyofuata tukampoteza baba, msiba ukala kilichobaki. Aprili 2019 nilipotaka kumalizia, muamala uligoma: namba ya kampuni haipo. Aplikesheni nayo ilikuwa imeshatoweka. Zile pesa nilikaa nazo wiki mbili nikizihifadhi kwenye kopo la misumari, mwishowe zikaenda kwenye ada ya mtoto.

Isomeke vizuri: kusimulia kwamba nilikopa mwaka 2018 si kukiri kwamba leo nadaiwa shilingi hata moja. Sababu ya kuweka tahadhari hiyo mtaiona huko mbele, ingawa naamini nyinyi mnaijua kuliko mimi.

Ikapita miaka sita ya kimya. Machi mwaka huu simu zikaanza, wapigaji wakisema kampuni yenu ndiyo iliyonunua madeni ya aplikesheni ile. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mnanitisha kwa polisi ambao hawanitafuti.

Ujumbe wa kwanza niliupata saa nane mchana, nimepiga magoti nyuma ya jokofu, mkono mmoja umeshika geji ya gesi. Nauandika ulivyo: "TAARIFA YA MWISHO. Umefunguliwa jalada la utapeli RB 4471. Difenda iko njiani. Lipa kabla ya saa 10 jioni kuepuka kulala ndani."

Sitajifanya jasiri, tumbo lilinikata. Lakini nikawaza, kama difenda, gari la polisi, inanifuata mimi, kwa nini nisiifuate? Nilifunga karakana, nikapanda bodaboda mpaka kituo cha polisi, nikajipeleka mwenyewe. Kaunta alikuwapo askari mama wa makamo. Nikamwamkia, nikampa simu. Aliusoma ujumbe mara mbili, midomo ikichezacheza, kisha akauliza, "RB ya kituo gani hii?" Sikuwa na jibu. Akanigeuzia kitabu chake kidogo nione: kila namba ya RB, yaani ya taarifa iliyoandikwa kituoni, ina herufi za kituo mbele na mwaka nyuma. "Hii yako haina baba wala mama," akasema. "Nenda kafanye kazi, mwanangu. Na usimtumie mtu hela."

Tangu siku ile nimepokea jumbe 31 za aina hiyo. Nimeitwa tapeli, mwizi, na mara moja (sijui ilitoka wapi) mhujumu uchumi. Niliambiwa laini yangu itafungwa. Niliambiwa jina langu liko mipakani nisitoroke nchi, mimi ambaye hata Namanga sijawahi kufika.

Waheshimiwa, mkopo ni mkataba, na mkataba ukivunjwa shauri lake ni la madai. Ili liwe jinai ya kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, lazima mtu awe amedanganya ili apewe. Mimi niliomba kwa jina langu, kwa laini yangu, kwa kitambulisho changu cha mpiga kura, nikarejesha zaidi ya nusu. Mtu wa namna hiyo Kiswahili kina jina lake, anaitwa mdaiwa.

Kwa upande wenu, kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumshurutisha au kumsumbua. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kujifanya mtumishi wa umma nako ni kosa katika Kanuni ya Adhabu. Kwa hiyo kati yangu na Afande wenu, anayestahili kuogopa mlio wa difenda si mimi.

2. Mnajua kwamba muda wa kunishitaki umepita.

Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inampa anayedai kwa mkataba miaka sita ya kufungua shauri. Hata tukiwafanyia hisani, tukaanza kuhesabu siku niliyolipa mara ya mwisho, 9 Novemba 2018, miaka hiyo iliisha Novemba 2024. Simu ya kwanza mliipiga Machi 2025.

Hapa ndipo nilipoielewa ile sauti ya upole. Maana wapigaji wenu wako wa aina mbili, mkali na mpole. Mkali anapiga asubuhi. Mpole, dada mmoja mwenye sauti ya kubembeleza, anapiga jioni: "Kaka yangu, mimi nakuhurumia. Tuma hata elfu tano tu uonyeshe nia, nitazungumza na wakubwa." Nilikuwa karibu kutuma. Elfu tano ni nini, kama inanunua usingizi? Kijana wa jirani anayesomea sheria ndiye aliyenizuia. Alinieleza kwamba kulipa sehemu ya deni, au kulikiri kwa maandishi, kunaweza kuifanya hesabu ya miaka ianze upya. Elfu tano ile haikuwa ya kuonyesha nia. Ilikuwa ya kumfufua maiti.

Na nadhani ndiyo sababu hamjawahi kunishitaki. Mahakama ya Mwanzo haiko mbali na karakana yangu, na ada ya kufungua madai haiwezi kuwashinda. Ila hakimu angeuliza tarehe. Angetaka na mkataba. Meseji haiulizi kitu.

3. Hesabu yenu haieleweki, na pesa mnaagiza ziende pasipojulikana.

Jumatatu nilidaiwa 412,000. Jumatano ya wiki hiyo hiyo, 640,000. Ijumaa ikaja "ofa maalumu" ya 250,000, mwisho saa kumi jioni. Kilichobaki mwaka 2018 kilikuwa 46,000. Niliomba mchanganuo, nikajibiwa kwamba mchanganuo nitaupata mahabusu.

Malipo yenyewe hayakuelekezwa kwenye lipa namba ya kampuni wala akaunti ya benki. Nilipewa namba ya kawaida ya simu, na nilipojaribu kuangalia jina likatokea la mtu binafsi. Kama huyo ni mfanyakazi wenu, tunalo jambo la kuzungumza. Kama si wenu, basi kuna mtu anavuna kwa jina lenu kwa kutumia daftari lenu la wateja, na hilo nalo mngependa kulijua. Namba hizo zote nimeshazituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

4. Mmewaingiza watu wasiohusika.

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mimi nikitukanwa nitavumilia, nimefanya kazi na wateja miaka kumi na saba.

Tarehe 2 Mei mlimpigia baba mkwe wangu. Ana miaka 74 na yuko kijijini. Namba yake ilikuwa kwenye simu niliyotumia mwaka 2018, na aplikesheni ile ilikomba majina yote ya kwenye simu siku nilipoipakua. Mpigaji alianza kwa adabu zote, "Shikamoo mzee," akasubiri aitikiwe marahaba, ndipo akamweleza kwamba mume wa binti yake anatafutwa na polisi kwa wizi wa fedha, na yeye mzee ameandikwa kama mdhamini. Sijawahi kumwandika mdhamini. Mzee hakunipigia mimi. Alimpigia mke wangu, akamuuliza kama watoto wanakula.

Baada ya siku tatu alikuja mwenyewe kwa basi, na jogoo kwenye kikapu, kama mtu aliyekuja kusalimia tu. Tulikaa uani mpaka giza likaingia. Hakulitaja lile jambo. Wakati wa kuondoka alinishika bega, akaniambia, "Mwanangu, mwanamume akizidiwa anasema." Akanifumbatisha elfu ishirini. Nimetengeneza majokofu ya nusu ya mtaa huu, na mkwe wangu ananipa nauli ya kuwakimbia polisi. Zile pesa sijaweza kuzitumia wala kumrudishia.

Wiki hiyo hiyo likafunguliwa grupu la WhatsApp kwa jina TAPELI ANATAFUTWA. Watu 43. Picha ni ile ya kitambulisho changu, imepigwa muhuri mwekundu wa kuchora. Mliwaweka humo mwalimu wa darasa wa binti yangu, mweka hazina wa kikoba chetu, fundi mwenzangu tunayegombania wateja (huyo alifurahi), na yule yule mama muuza samaki ambaye friza lake ndilo lilinipeleka kukopa. Asubuhi yake alimtuma kijana na guta kulichukua friza jingine alilokuwa ameniletea, nikiwa nimeshalifungua nusu, skrubu ziko kwenye kisahani. Kijana alikwepa kunitazama. Nilimfungia skrubu zake kwenye mfuko wa nailoni, nikampa.

Tangu 1 Mei 2023 nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, ile ya mwaka 2022. Taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana na zitumike kwa sababu hiyo. Kabla yake ilikuwapo, na ipo hata sasa, ibara ya 16 ya Katiba, inayompa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Niambieni mwalimu wa darasa la sita anahusika vipi na kompresa ya mwaka 2018.

Sasa najua mtakayosema, maana mengine nimeshaambiwa kwenye simu.

Mtasema wanaopiga si wafanyakazi wenu, ni wakala wa kukusanya madeni. Sawa. Lakini jina langu, picha yangu na namba ya mkwe wangu wakala hakuviokota barabarani. Mliompa ni nyinyi, na anachokusanya anawaletea nyinyi. Ukimtuma mtoto dukani akavunja kioo cha watu, mwenye duka haendi kumdai mtoto.

Mtasema nilibonyeza "nakubali" kwenye vigezo na masharti. Nilibonyeza, kwa Kiingereza cha kurasa ambazo hata aliyeziandika sidhani kama alizisoma mpaka mwisho. Ila mkwe wangu hakubonyeza kitu. Mwalimu hakubonyeza. Sina mamlaka ya kukubali kwa niaba ya watu mia tatu waliomo kwenye simu yangu.

Mtasema ipo sheria ya kumfunga mdaiwa. Ipo, sibishi. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inamjua mfungwa wa madai. Lakini kufika huko ni lazima kwanza mfungue shauri, mshinde, mpate hukumu, muombe utekelezaji, nami niitwe nijieleze kwa nini nisifungwe. Na mkishinda hayo yote, anayenidai ndiye anayetoa fedha za matunzo yangu huko gerezani. Haianzi na meseji ya saa nane mchana, wala haimaliziki saa kumi.

Na mtasema dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, na nimelelewa hivyo. Najua pia wapo wanaokopa kwenye aplikesheni tano kwa mpigo, wakavunja laini na kuhama. Kukopa harusi, kulipa matanga, msemo huu haukuzaliwa na simu. Anayekopesha anastahili kurudishiwa chake, na kampuni zisiporudishiwa zitakufa, na siku kompresa nyingine ikifa mimi nitakwenda wapi? Benki hainijui. Siwachukii kwa kukopesha, na wala mkopo ambao mitaani tunauita kausha damu siuiti dhambi ya mkopeshaji peke yake. Ninachokataa ni kulipishwa kwa hofu kiasi ambacho hakuna anayeweza kukionyesha kwenye karatasi.

Kwa heshima, naomba yafuatayo yafanyike ifikapo 1 Septemba 2025:

(a) Vitisho vya kukamatwa vikome leo, kwangu na kwa watu wangu. Hili halihitaji kikao cha bodi.

(b) Lile grupu livunjwe, na wote 43 waandikiwe, na yule yule aliyewaandikia mwanzo, kwamba sijafunguliwa jalada lolote. Baba mkwe wangu asiandikiwe. Apigiwe na mkubwa mmoja wenu, kwa jina lake halisi, amwombe radhi.

(c) Nipewe nakala ya hati inayoonyesha mlilinunua deni hili, kwa nani na lini, pamoja na mchanganuo wa kutoka 46,000 hadi 640,000.

(d) Nipewe namba ya leseni yenu. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha bila kupokea amana yuko Daraja la Pili na leseni yake hutoka Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya aplikesheni na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kuidhinishwa, kwa hiyo swali hili msilione la kichokozi.

(e) Majina na namba zote zilizokombwa kwenye simu yangu zifutwe, na nithibitishiwe kwa maandishi.

(f) Kama baada ya hayo yote bado mnaamini mna haki ya kunidai, nishitakini. Hili nalisema bila dhihaka. Mbele ya hakimu mtaeleza yenu, nami nitaeleza yangu, na atakachoamua nitakitii.

Ikifika tarehe hiyo sijapata jibu lenye sahihi, bahasha yenye jumbe zote 31, rekodi za simu, picha za lile grupu na barua yenye muhuri wenu itakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Benki Kuu. Nakala nyingine nitampelekea yule askari wa kaunta, maana aliniambia nirudi nikisumbuliwa tena.

Karakana mnajua ilipo, maana mmeshawaelekeza watu. Iko wazi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, isipokuwa Jumapili. Akija mtu wa mahakama na samansi, nitaipokea na kuisaini.

Wenu,

Fundi majokofu, Morogoro
(jina kamili na picha mnavyo, mmeshavisambaza)